Wanafunzi wangu wanawazomea wanaonyanyua mkono

Ndugu Mshauri,

Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Morogoro, na mwaka huu nimekabidhiwa pia mkondo mmoja wa Kidato cha Pili niwe mwalimu wao wa darasa. Si watoto wabaya. Wanawahi namba asubuhi, wanafanya usafi bila kusukumwa, na utoro wao ni mdogo kuliko wa mikondo mingine. Shida yao ni moja, nayo imeanza kunikosesha usingizi: mwanafunzi akinyanyua mkono ili ajibu swali, hasa akijaribu kujibu kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, wenzake wanamzomea.

Hawazomei kwa kelele za kumfanya mwalimu wa darasa la jirani atoke nje. Ni mguno mfupi unaotokea viti vya nyuma, ni vidole vinavyogonga dawati, ni sauti ya chini inayosema "profesa", na kicheko kinachofuata. Anayekosea neno moja la Kiingereza atalisikia likiigizwa mpaka saa ya kwenda nyumbani. Anayepatia anaitwa mnoko, au anaambiwa ana kimbelembele na anajipendekeza kwa walimu. Matokeo yake ninayaona kila kipindi: mkono unaanza kupanda, kisha unaishia kichwani, mwenyewe akijifanya alikuwa anajikuna. Yupo msichana ambaye alipoingia Kidato cha Kwanza alikuwa akijibu karibu kila swali. Sasa nikimwuliza kwa jina anasimama, anatazama daftari lake, na anasubiri nimruhusu aketi. Daftari hilo hilo nikilisahihisha nakuta majibu yote yamo.

Nimejaribu njia tulizozizoea. Nimewaita ofisini wavulana watatu ambao ndio vinara, mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa mpole, aliniomba radhi, na naamini alimaanisha, lakini kipindi kilichofuata mguno ulirudi pale pale. Nilimpa monita kazi ya kuandika majina ya wanaozomea, akawa yeye ndiye anayezomewa kuliko wote, na sasa ameomba avuliwe umonita. Nilisimama mstarini nikasema wazi kwamba karibu darasa zima lina tabia hii na kwamba inatia aibu. Walinyamaza siku ile, basi.

Mwalimu mwenzangu ananiambia kwamba dawa ni kulitumia shinikizo la rika lenyewe, yaani wanafunzi wavutane kwenye mema kama wanavyovutana sasa kwenye mabaya. Wazo limenivutia, ila sijui pa kuanzia. Je, niwakusanye wale vinara na wafuasi wao katika klabu moja ili niwalee kwa karibu? Je, si hila kuwatumia watoto kuwabadilisha watoto wenzao? Na mkuu wangu wa shule, ambaye anaamini kwamba fimbo ndiyo jibu, nimwambie nini? Upimaji wa kitaifa wa Novemba unakuja, na ninao wanafunzi ambao hawajatamka sentensi nzima ya Kiingereza darasani tangu mwaka uanze.

Mwalimu wa darasa, Morogoro

Ndugu Mwalimu,

Nianze na wale wavulana watatu, kwa sababu radhi waliyokuomba ofisini na mguno walioutoa darasani havipingani kama vinavyoonekana. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha jaribio ambamo vijana wa miaka 13 hadi 16, vijana waliowazidi umri kidogo, na watu wazima walicheza mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari, wengine wakiwa peke yao na wengine wakiwa na wenzao wa rika moja pembeni. Walipotazamwa na wenzao, wale wadogo walithubutu hatari zaidi kwa kiasi kikubwa, ilhali watu wazima karibu hawakubadilika. Kijana aliyekuomba radhi alikuwa mkweli, na aliyeguna ni yeye yule yule akiwa mbele ya hadhira yake. Ukimwita faragha unazungumza na mtu ambaye, kwa dakika hizo, hana tatizo lolote. Tatizo liko kwa wanaomcheka anapoguna, na hao hukuwaita ofisini.

Hotuba ya mstarini nayo ina lake. Katika hifadhi ya Petrified Forest, jimboni Arizona, wageni walikuwa wakiondoka na vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe, na mwanasaikolojia Robert Cialdini pamoja na wenzake wakajaribu mabango tofauti kwenye njia za wageni. Lilipowekwa bango lililosema kwamba wageni wengi waliotangulia wamechukua vipande na kuuharibu msitu, karibu asilimia 8 ya vipande vilivyotiwa alama viliibwa. Lilipowekwa bango lililoomba tu kwamba visichukuliwe, vilivyoibwa havikufika asilimia 2. Mtoto wa miaka 14 akiambiwa na mwalimu wake kwamba karibu darasa zima linazomea, anasikia kwamba ni vibaya, na papo hapo anasikia kwamba ndivyo watu wa hapa walivyo. Hilo la pili ndilo analoondoka nalo. Tena ningependa kujua kama ni kweli. Kwa juma moja, bila kumwadhibu mtu, jiandikie pembeni nani anaanzisha mguno, nani anacheka, na nani anainamia daftari lake akisubiri upite. Ukikuta, kama ninavyotarajia, kwamba kundi la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, utakuwa na habari ya kweli ambayo darasa lenyewe halina.

Kuhusu monita sitasema mengi. Alipewa kazi ya upelelezi juu ya watu anaokula nao na kutembea nao, na heshima aliyokuwa nayo ikaisha. Mvue umonita kwa staha, mbele ya darasa, na umshukuru kwa kazi nyingine aliyoifanya vizuri.

Sasa nije kwenye shinikizo la rika. Mfano ninaouamini kuliko mingine ni wa jimbo la New Jersey, ambako katika mwaka wa masomo wa 2012 hadi 2013 Elizabeth Levy Paluck, Hana Shepherd na Peter Aronow walifanya kazi na shule 56 za vijana wa umri unaokaribiana na wa wanafunzi wako, zenye wanafunzi zaidi ya 24,000. Shida yao ilikuwa ugomvi, masengenyo na uonevu baina ya wanafunzi. Kabla ya jambo lolote, kila mwanafunzi aliulizwa ataje wenzake, wasiozidi 10, ambao huchagua kuwa nao. Majibu yakaonyesha ni akina nani ambao wengine wengi wanawaangalia. Kisha, katika nusu ya shule hizo, kikundi kidogo cha wanafunzi kiliteuliwa kwa bahati nasibu kikawa kinakutana na mtu mzima aliyefundishwa kazi hiyo. Hakikupewa hotuba ya kwenda kuirudia. Kilichunguza chenyewe ni mambo gani yanayochokoza ugomvi pale shuleni, kikatunga ujumbe wake, kikabandika mabango yenye picha za wanakikundi wenyewe, na kuwapa bangili za rangi ya chungwa wanafunzi walioonekana wakimtendea mwenzao wema au wakizima ugomvi. Mwaka ulipoisha, taarifa za nidhamu zinazohusu ugomvi zilikuwa chini kwa takriban asilimia 25 kuliko katika shule ambazo hazikuwa na vikundi, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo kikundi kiliangukiwa na wengi wa wale wanaoangaliwa na wenzao.

Zingatia hapo jinsi wenye ushawishi walivyopatikana. Hawakupendekezwa na walimu, hawakuwa viranja kwa sababu ya ukiranja wao, wala hawakutafutwa kwa maksi au kwa usafi wa sare. Shule zetu nyingi zinapotaka wanafunzi wavutane kwenye mema hukimbilia baraza la viranja, ambao wengi wao wamewekwa pale kwa kuwa wanawapendeza walimu, na rika halimfuati mtu kwa sababu hiyo. Mara nyingine ndiyo sababu ya kutomfuata.

Kwa hiyo wagawie wanafunzi wako vikaratasi visivyo na jina la mwandishi, waandike majina ya wenzao watano wa darasani ambao hupenda kuwa nao wakati wa mapumziko au njiani kurudi nyumbani. Wahakikishie kwamba utavisoma wewe tu, na uvichane ukimaliza kuhesabu. Usiulize nani ni kiongozi bora, maana watakuandikia jibu wanalodhani unalitaka. Majina yatakayojirudia huenda yakakushangaza: kipa wa timu ya darasa ambaye hisabati humpiga chenga, msichana ambaye dawati lake hujaa watu kengele ya mapumziko inapolia, kijana ambaye wenzake humsubiri getini na hawaondoki mpaka atokee. Chagua saba au wanane, wavulana kwa wasichana, kutoka makundi yasiyochangamana: wa mpira, wa kwaya, wanaopanda daladala moja, wanaotembea kwa miguu kutoka mtaa mmoja. Iwapo mmoja wa wale vinara watatu yumo miongoni mwa wenye kura nyingi, mwingize. Mmoja, si wote.

Hapa ndipo jibu la klabu yako linapopatikana. Wazo la kuwakusanya wakorofi mahali pamoja ili walelewe lina huruma ndani yake, lakini limewahi kupimwa na likaonekana kuwa na madhara. Mwaka 1999 Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin waliandika juu ya miradi ya aina hiyo, ukiwemo ule wa muda mrefu wa Cambridge-Somerville katika jimbo la Massachusetts, ambamo wavulana waliopelekwa kwenye kambi za likizo zaidi ya mara moja pamoja na wenzao wa namna yao walikuja kuwa na hali mbaya zaidi ukubwani kuliko wale ambao mradi haukuwagusa. Wakikaa pamoja, kila kichekesho cha ukorofi hupata wa kukicheka, na kicheko hicho ndicho mshahara. Mkorofi mmoja akiketi kati ya watu saba wanaotaka jambo jingine, mshahara wake unakatika.

Kikao cha kwanza na wanafunzi hao usikianze kwa kuwaeleza tatizo. Waulize tu kwa nini watu hawajibu humu darasani, kisha unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu mpaka ukaona haya. Watakachokisema kitakuwa na undani usioujua: kwamba anayechekwa zaidi ni yule aliyetoka shule fulani ya msingi, kwamba wapo wanaoguna ili mwalimu asiwageukie wao na swali linalofuata, kwamba kipindi fulani mwalimu mwenyewe hucheka. Hili la mwisho likitajwa, lipokee bila kumtetea mwenzako. Kisha waachie wao waamue wafanye nini. Mimi ningetamani waamue jambo dogo linaloweza kufanywa ndani ya sekunde moja, kwa mfano kwamba mtu akikwama katikati ya sentensi, aliye karibu naye aseme "endelea", au kwamba wao wenyewe wawe wa kwanza kunyanyua mkono, tena kwa maswali ambayo hawana hakika nayo. Kipa akikosea neno mbele ya darasa zima, akacheka mwenyewe na kuendelea na sentensi yake, amefanya kazi ambayo wewe na mimi hatuiwezi.

Tanzania tuna kielelezo chetu cha jinsi ya kuwaacha wanafunzi walitamke tatizo lao. Mradi wa Tuseme ulianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, chini ya wataalamu wa sanaa za maonyesho akiwemo Profesa Penina Mlama, na baadaye ukachukuliwa na FAWE, shirika linaloshughulikia elimu ya wasichana Afrika, ukaenea katika nchi nyingine za Afrika. Wasichana wa sekondari walichambua wenyewe vikwazo vya masomo yao, wakavitungia maigizo, wakayacheza mbele ya shule nzima, walimu wakiwa wamekaa kuwatazama. Kikundi chako kikitaka kuigiza darasa lake lenyewe, mkono ukipanda na kuishia kichwani, kiruhusu, na ukae miongoni mwa watazamaji.

Wakianza kufanikiwa, usiwasifu mstarini. Najua itakuwa vigumu, kwa kuwa mwalimu akiona jema hutaka litangazwe, lakini sifa ya mwalimu mbele ya watu ndiyo inayomfanya mtoto aitwe mnoko, na ukiwapandisha jukwaani leo watarudi viti vya nyuma kesho. Waambie mnapokuwa peke yenu. Kwa darasa, tangaza ukweli wa jumla pale tu unapokuwa mzuri. Waulize wote, kwa vikaratasi visivyo na jina, kama wanapenda mwenzao azomewe anapojibu. Wengi wakijibu kwamba hawapendi, waandikie idadi hiyo ubaoni bila hotuba yoyote. Wengi wakijibu kwamba wanapenda, karatasi hizo zitie mkobani na uzungumze na kikundi chako kwanza.

Lipo pia linalokuhusu wewe katika ufundishaji. Katika majaribio ya Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu waliotakiwa kulinganisha urefu wa mistari walifuata jibu la uongo la kundi katika takriban theluthi moja ya nafasi walizopewa, ingawa jibu sahihi lilionekana kwa macho. Alipokuwepo mtu mmoja tu mwingine aliyesema ukweli, wengi wao walipata nguvu ya kusema walichokiona. Mwanafunzi anayesimama peke yake kujibu kwa lugha ambayo hakuitumia kwa masomo mengine yote ya shule ya msingi hana huyo mmoja. Mpe. Uliza swali, kisha waache wajadiliane wawili wawili kwa dakika mbili, hata kwa Kiswahili, waisuke sentensi ya Kiingereza pamoja, ndipo mmoja asome kwa niaba ya wote wawili. Atakayeguna anawaguna wawili, na kosa likiwemo limegawanywa. Msichana wako mwenye majibu daftarini nadhani atarudia kusema kwa njia hii mapema kuliko kwa njia yoyote ya kumtia moyo mbele za watu, mradi umketishe na mtu anayemwamini. Naye mwulize kwanza, faragha, kama anaafiki.

Swali lako la hila ni zuri, na silipuuzi. Shinikizo tayari lipo darasani mwako, hukulileta wewe, lakini hiyo haitoshi kukupa ruhusa ya kila kitu. Waeleze wanakikundi kwa nini wamechaguliwa, ila usiwape hesabu ya kura. Kila mmoja awe na haki ya kukataa, na anayekataa asiulizwe sababu. Wasikuletee majina ya mtu yeyote. Na usiruhusu kamwe, si wewe wala mwalimu wa zamu, adhabu ya darasa zima kwa kosa la mmoja kwa matumaini kwamba wenzake watamnyoosha. Watamnyoosha kweli, nyuma ya vyoo, na wewe utakuwa umewapa kibali. Nimeona hata walimu wazuri wakiiita njia hiyo shinikizo jema la rika, na sioni wema wake uko wapi.

Amebaki mkuu wa shule. Usimwendee na hoja ya kwamba fimbo ni mbaya, kwa sababu mjadala huo utakula muda wenu wote. Unaweza kumkumbusha kwa adabu kwamba kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaihifadhi adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, zinataka itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, isizidi viboko 4, na iandikwe kitabuni, na kwamba ni vigumu kuuandika mguno kitabuni kama kosa kubwa. Kisha mwombe muhula mmoja. Mkondo wako ufuate utaratibu huu, mkondo mwingine wa Kidato cha Pili uendelee kama kawaida, na katika yote miwili mwalimu mmoja aketi nyuma mara moja kwa wiki ahesabu ni wanafunzi wangapi tofauti waliojibu katika kipindi. Ahesabu watu, asihesabu majibu, maana watoto wanne hodari wanaweza kujibu maswali yote na darasa likaonekana limechangamka. Anza kuhesabu kabla kikundi hakijakutana hata mara moja. Ombi lako liwe la maandishi, lisizidi ukurasa mmoja, na uliambatishie hesabu za wiki hiyo ya kwanza za mikondo yote miwili.

Mshauri